Usichomeke kwanza! Jinsi ya kupima transfoma ya redio ya valvu aliyoiacha babu



Leo tuweke siasa pembeni. Kuna swali linajirudia kila mara mtu anaposhusha redio ya zamani kutoka darini kwa babu, ile ya mbao, yenye kioo cha majina ya miji na kitambaa mbele ya spika. Au amplifaya ya gitaa iliyobaki kwenye stoo ya ukumbi tangu enzi za bendi. Swali lenyewe ni hili: "Nichomeke nione kama inawaka?"

Jibu: HAPANA. Usichomeke.

Kile kitendo cha "nichomeke nione tu" kimeua redio nyingi zilizokuwa zimekaa salama miaka 40 au 50. Na kinachokufa mara nyingi ni kifaa kimoja ambacho dukani hukipati kirahisi: TRANSFOMA. Kapasita zinauzwa mpaka leo. Rizista zipo. Hata valvu kama EL84 na ECC83 bado zinatengenezwa, kwa sababu wapiga gitaa wanazitaka. Lakini transfoma ya redio ya mwaka 1955 ilitengenezwa kwa ajili ya redio ile ile. Ikiungua, kazi unayo.

Habari njema ni kwamba kuipima hakuhitaji mashine za maabara. Kunahitaji testa ya kawaida (hata ile ya bei chee), balbu ya kizamani, transfoma ndogo ya volti 12, na subira. Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, nakili hatua ya 3, 5 na 6, mengine utarudi kusoma.

ONYO KABLA YA YOTE

Ndani ya redio ya valvu kuna volti 250 mpaka 350, na kwenye amplifaya kubwa zaidi ya 400. Kapasita kubwa zinaweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo chomoa, subiri, halafu pitisha rizista ya omu 10,000 ya wati 5 (waya zake zimefunikwa vizuri) kati ya mguu chanya wa kapasita kubwa na chasisi, kwa sekunde kadhaa. Kisha pima kwa testa, hakikisha imeshuka karibu na sifuri. Usiguse kabla ya kupima.

Ukiwa na umeme mezani, mkono mmoja uweke mfukoni. Umeme unaoingia mkono huu na kutokea mkono ule unapita kifuani. Viatu vyenye soli ya mpira, sakafu kavu, na mtu mwingine awepo karibu anayejua swichi iko wapi. Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, fanya hatua ya 1 mpaka ya 4 peke yako (ukiacha kipimo cha mega), zinazobaki ufanye na fundi. Hapa hakuna ujanja wa kizembe.

TRANSFOMA INAFANYA NINI?

Ni waya uliozungushwa juu ya bati za chuma. Upande mmoja unaingia umeme wa ukutani. Pande nyingine zinatoka volti tofauti: volti 6.3 za kupasha moto valvu, volti 5 au 6.3 za valvu inayonyoosha umeme, na volti kubwa, kwa mfano 250 kila upande kutoka waya wa kati. Mizunguko mingi hutoa volti nyingi, michache hutoa chache. Siri yote ni hiyo.

Na kuna transfoma ya pili, ndogo, karibu na spika au imefungwa kwenye spika yenyewe. Hiyo ni transfoma ya spika. Tutaifikia.

HATUA YA 1: JE, REDIO YAKO INA TRANSFOMA KWELI?

Usicheke, hili ni muhimu. Soma herufi ya kwanza ya valvu zilizotengenezwa Ulaya:

- E (kama ECH81, EL84): zinapashwa kwa volti 6.3. Kwa redio ya umeme wa ukutani, karibu kila mara kuna transfoma.
- A: volti 4, redio za zamani zaidi. Transfoma ipo.
- U (kama UCH42, UL41, UY41): valvu zimepangwa mnyororo mmoja na kulishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Nyingi za aina hii hazina transfoma ya umeme kabisa, na chasisi yake imeunganishwa na waya wa ukutani! Ukigusa chuma chake wakati plagi imeingia upande mbaya, umegusa umeme wa ukuta.
- D (kama DK96, DL96): redio ya betri. Kwa sehemu ambazo hazikuwa na umeme redio hizi ndizo zilizofaa. Hazina transfoma ya umeme, ila ya spika wanayo.

Ukikuta U, simama hapo. Hiyo ni kazi ya fundi mzoefu mwenye transfoma ya kutenganisha umeme.

HATUA YA 2: MACHO NA PUA

Plagi iko nje. Fungua mgongo wa redio, vuta vumbi kwa brashi. Angalia transfoma yenyewe.

Kuna nta au lami iliyoyeyuka na kutiririka? Karatasi ya pembeni imekuwa nyeusi? Inanuka kama plastiki iliyoungua? Hizo ni dalili kwamba iliwahi kupata joto kali. Sio lazima imekufa, ila sasa ni mtuhumiwa namba moja.

Angalia pia waya zinazotoka. Mpira wa zamani hukauka ukawa kama biskuti, ukiugusa unapukutika. Waya wa namna hiyo unapiga shoti hata kama transfoma ni nzima. Vika mirija mipya ya plastiki kabla ya kuendelea.

Halafu tafuta KIBADILI VOLTI. Nyuma ya redio nyingi kuna kifundo au plagi ndogo yenye namba: 110, 127, 150, 200, 220, 240 au zinazofanana na hizo. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Kikiwa kwenye 110 halafu ukachomeka ukutani, unaipa transfoma zaidi ya mara mbili ya haki yake. Bati za chuma zinazidiwa, mkondo unapanda ghafla, na kama fyuzi imefungwa kwa waya wa kienyeji... kwaheri. Weka namba ya juu kabisa iliyopo.

HATUA YA 3: TESTA KWENYE OMU

Chora kwanza mchoro wa waya zote na rangi zake, au piga picha kwa simu. Andika kila valvu ilikuwa tundu gani. Kisha chomoa valvu zote kwa kuvuta wima, bila kuzungusha. Toa pia vitaa vya kioo cha stesheni. Ukiweza, fungua waya za transfoma zinazokwenda kwenye saketi, maana vifaa vingine vinaweza kudanganya testa.

Sasa pima. Kwa redio ya kawaida ya mezani, tarajia takriban hivi:

- Upande wa ukutani: omu 20 mpaka 60.
- Upande wa volti kubwa, mwisho hadi mwisho: omu 100 mpaka 600.
- Upande wa kupasha valvu: chini ya omu 1, testa itaonyesha kama shoti. Usishtuke, waya pale ni mnene na mfupi.

Testa ikisema hakuna njia kabisa, waya umekatika mahali. Usikate tamaa mapema: mara nyingi umekatikia pale unapotoka nje, kwenye ncha ya kulehemu, na fundi makini anaweza kuufukua.

Jambo moja linalochanganya wengi: nusu mbili za volti kubwa hazilingani omu. Hii 190, ile 210. Ni kawaida! Nusu ya pili imezungushwa juu ya ya kwanza, kwa hiyo kila mzunguko wake ni mrefu zaidi kidogo. Idadi ya mizunguko ni sawa, urefu wa waya ndio tofauti. Lakini ikiwa 200 na 90, hapo pana kimeo.

Pia usishike vyuma vya testa kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukivitoa kwenye waya wa mizunguko mingi, transfoma inaweza kurudisha teke. Halitakuua, ila utaruka.

HATUA YA 4: INAVUJA KWENYE CHASISI?

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na bara. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja... hewa ina unyevu na chumvi. Karatasi iliyomo kati ya tabaka za waya inanyonya unyevu kama sponji. Miaka ikipita umeme unapata njia ya kupenya hadi kwenye chuma.

Weka testa kwenye kipimo kikubwa kabisa cha omu. Pima kati ya kila kundi la waya na chuma cha transfoma, halafu kati ya kundi na kundi. (Waya wa katikati wa volti kubwa na mmoja wa kupasha valvu huwa umefungwa makusudi kwenye chasisi, ufungue kwanza.) Unataka testa ionyeshe hakuna njia kabisa. Ikionyesha namba yoyote chini ya omu milioni chache, kuna uvujaji.

Ila tuelewane: testa inatumia volti za betri tu. Kizuizi kinaweza kuvumilia volti 9 kikashindwa volti 300. Kipimo cha haki ni mega, kile kifaa wanachotumia mafundi wa kufunga umeme majumbani, kinachopima kwa volti 500. Muombe fundi wa mtaani akupimie, ni kazi ya dakika tano. Hakikisha tu transfoma imefunguliwa kwenye saketi, na asiguswe waya wowote wakati anapima.

Kama inavuja kidogo, ikaushe kabla ya kuihukumu. Iweke ndani ya boksi pamoja na balbu ya wati 40 inayowaka bila kugusana na kitu, siku moja au mbili, huku unalichungulia boksi, usiliache likiwaka mkiwa mmelala. Pima tena. Namba ikipanda sana, ulikuwa unyevu. Isipopanda, kizuizi kimechoka.

HATUA YA 5: VOLTI 12 ZA KUPIMIA

Hii ndiyo hatua tamu kuliko zote, na wengi hawaijui. Transfoma haijali unaipa volti ngapi, inagawa kwa uwiano ule ule. Basi badala ya kuipa 240, ipe 12!

Tafuta transfoma ndogo kutoka redio kaseti iliyokufa, inayotoa volti 12 za umeme geu, yaani umeme wa aina ya ukutani. Chaja ya simu HAIFAI, inatoa umeme mnyoofu, na huo haupiti kwenye transfoma. Funika vizuri sehemu zake zinazoingia umeme wa ukuta, na iwe na fyuzi.

Unganisha zile volti 12 kwenye upande wa UKUTANI wa transfoma ya redio, penye namba 240. Weka testa kwenye V yenye kiwimbi. Pima kwanza zinazoingia, maana transfoma ndogo isiyo na mzigo inaweza kutoa 14 au 15.

Tuseme ni 12 kamili. 240 gawanya kwa 12 ni 20. Kwa hiyo kila kitu kitatoka sehemu moja ya 20:

- Upande wa 6.3 utatoa kama volti 0.32, au juu kidogo.
- Upande wa 250 na 250 utatoa kama 12.5 na 12.5, jumla 25.

Zidisha kwa 20 unapata volti halisi, bila kusogelea zile 500 za mwisho hadi mwisho! Tena umejua waya upi ni upi, hata kama rangi zimefifia. Na hapa, tofauti na kwenye omu, nusu mbili za volti kubwa lazima zilingane. Zikiwa 12.5 na 9, mizunguko fulani imeshikana.

Dalili nyingine: ukiunganisha, zile volti 12 zinaanguka mpaka 5 au 3, na transfoma ndogo inapata moto. Maana yake ndani ya kubwa kuna mizunguko iliyogusana. Inakula umeme bila kutoa kitu. Hiyo testa ya omu haiwezi kukuonyesha, kwa sababu mzunguko mmoja kati ya elfu haubadilishi omu za kuonekana.

Angalizo: usiunganishe 12 upande wa 6.3. Ukigeuza, upande wa volti kubwa utapanda kuelekea mamia. Uwiano unafanya kazi pande zote mbili.

HATUA YA 6: BALBU MLINZI

Sasa ndiyo ukuta. Lakini kwa mlinzi. Kata waya MMOJA wa ekstensheni, ule wa moto, upitishe kwenye holda ya balbu. Balbu iwe ya uzi, ya wati 40 au 60. Za kubana matumizi na za LED hazifai kabisa. Siku hizi za uzi zimeadimika, ukiipata itunze.

Mantiki yake ni rahisi. Balbu ya wati 60 kwenye volti 240 hairuhusu zaidi ya robo ampea. Hata transfoma ikiwa na shoti, balbu itawaka yenyewe badala ya transfoma kuungua. Na ni kama inaongea na wewe:

- Inamulika mara moja kisha inazima au inabaki na wekundu hafifu: SALAMA.
- Inawaka kwa nguvu na kubaki hivyo: SHOTI. Zima.

Kumbuka valvu zote ziko nje na waya zote zilizo wazi zimefungwa utepe, kila mmoja peke yake. Ukiona salama, chomoa, ondoa balbu, weka fyuzi ya ampea 1 au pungufu, kisha iache transfoma kwenye umeme saa nzima bila mzigo, wewe ukiwepo. Kila dakika kumi chomoa plagi na iguse. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuweka kiganja sekunde tano, au inanguruma, au inaanza kunuka, hiyo imechoka ndani. Transfoma isiyo na mzigo haina sababu ya kupata moto.

HATUA YA 7: TRANSFOMA YA SPIKA

Hii ndogo hufa zaidi ya kubwa. Waya wake wa ndani ni mwembamba kama unywele na muda wote unapita volti kubwa za umeme mnyoofu. Ukichanganya na unyevu wa pwani, shaba inaota ukijani na kukatika.

Pima omu: upande wa valvu kwa kawaida 200 mpaka 600, upande wa spika chini ya 1. Kama upande wa valvu umekatika, USIWASHE redio. Valvu ya mwisho itakosa volti kwenye anodi, gridi ya pili itabeba mzigo wote, itakuwa nyekundu kama mkaa na kuungua. Umepoteza viwili.

Ukitaka kujua kama inaoana na valvu, weka volti 12 geu upande wa valvu, na fungua waya za spika. Tuseme upande wa spika unapata 0.3. 12 gawanya kwa 0.3 ni 40. Zidisha 40 kwa 40 ni 1,600. Spika ya omu 3 mara 1,600 ni 4,800. Valvu moja ya EL84 inataka kama 5,000, kwa hiyo hapo ndoa imekubali.

Na kwa wenye amplifaya za gitaa: usiwashe kamwe bila spika. Sauti isipopata pa kwenda, volti hupanda ndani ya transfoma mpaka cheche zinaruka.

ZA KUTOKA MAREKANI

Ndugu wa ughaibuni wakituma amplifaya ya huko, kumbuka mambo mawili. Volti zao ni 120, hilo wengi wanalijua. La pili halijulikani sana: umeme wao unageuka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Hata ukiweka kishusha volti, chuma cha transfoma kinabeba mzigo wa sumaku asilimia 20 zaidi. Nyingine zinavumilia, nyingine zinachemka. Ile saa moja ya hatua ya 6 ndiyo itakayokuambia.

IKIWA IMEKUFA JE?

Usitupe! Mafundi wanaosuka mota na pampu wanaweza kusuka na transfoma. Mpelekee ikiwa nzima na mchoro wako, ahesabu mizunguko anapofumua, atumie unene ule ule wa waya, aweke karatasi kati ya tabaka na kupaka vanishi mwishoni. Akikuambia karatasi haina haja, tafuta mwingine. Volti 500 hazina mchezo.

Na hata ikiwa nzima, usirudishe valvu na kuwasha siku hiyo hiyo. Transfoma nyingi haziungui zenyewe, zinauawa na kapasita ya zamani iliyopiga shoti upande wa volti kubwa. Badilisha kwanza kapasita za karatasi na zile kubwa za kuchuja umeme, kisha washa kupitia balbu mlinzi. Hapo ukisikia mvumo wa spika halafu kwa mbali sauti ya stesheni, utakuwa umeifufua redio ya babu bila kuiua kwanza.

Kama una ya kwako hapo nyumbani, tupia kwenye maoni: herufi za valvu, na omu ulizopata kila upande. Wajuzi wapo humu, watachangia. Matusi hayatapita.

Nawakilisha.